Waya mwembamba kwa safari ndefu: Pampu inaungua, maji yanakatika

Safu hii imezoea kuzungumzia maji kwa upande wa kuchemsha, kuchuja na kufunika vyombo. Leo tunaingia upande ambao kwa haraka mtu anaweza kudhani hauhusiani na afya hata kidogo, nao ni waya wa umeme unaokwenda kwenye pampu ya kisima. Uhusiano upo, tena wa karibu. Familia nyingi za pembezoni mwa jiji, tuseme Chanika, Mbagala au Kigamboni, hazitegemei tena bomba la mtaa peke yake. Zimechimba kisima kirefu, zikatumbukiza pampu na kupandisha tangi juu ya mnara. Maji hayo ndiyo ya kunywa, kupikia, kutawadha, kuoga na kusafishia choo. Siku pampu inapokufa, watoto wanatumwa na ndoo kwenye kisima kifupi cha jirani, kile kilichochimbwa hatua chache kutoka shimo la choo, na hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu vinapopata njia ya kuingia ndani ya nyumba.

Sasa ndugu msomaji, pampu ikishaungua lawama huwa zinaelekezwa kwa dukani. Utasikia watu wakisema pampu za siku hizi ni feki, au kisima kina mchanga, au umeme wa TANESCO ni mdogo. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini kuna mshitakiwa mmoja ambaye mara nyingi hakuulizwa chochote, naye ni yule waya uliofukiwa ardhini kutoka kwenye nyumba hadi kisimani. Ukiwa mwembamba kuliko safari yake, utaua pampu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na wewe utakuwa unabadilisha pampu tu.

Tuanze na sababu. Kila mwenye tangi nyumbani anajua kwamba bomba la nusu inchi likivutwa mita kumi linatoa maji vizuri, lakini ukilivuta mita mia yanafika yakiwa yamechoka. Maji hayajapotea njiani. Msukumo wake ndio uliotumika kupambana na kuta za bomba. Umeme nao uko hivyo. Shaba, pamoja na kuwa inapitisha umeme vizuri sana, ina ukinzani wake. Ukinzani huo unaongezeka kadiri waya unavyokuwa mrefu, na unapungua kadiri unavyokuwa mnene. Msukumo wa umeme tunaupima kwa volti. Unaondoka kwenye mita ya Luku ukiwa na volti 230, na sehemu ya volti hizo inabaki njiani ikigeuka joto ndani ya waya. Kinachofika kwenye pampu ni masalia.

Taa ikipata volti pungufu inafifia tu. Mota ya pampu haina unyenyekevu huo. Ina mzigo wa maji wa kunyanyua, na mzigo huo haupungui kwa sababu volti zimepungua. Kwa hiyo mota hufidia kwa kuvuta umeme mwingi zaidi, yaani ampia zinapanda. Joto ndani ya nyuzi zake hupanda kwa mraba wa ampia, maana yake ni kwamba ampia zikiongezeka kwa robo, joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu. Vanishi inayotenganisha nyuzi za mota inachakaa polepole, miezi kwa miezi, mpaka siku moja nyuzi zinagusana. Fundi akiifungua anaona nyeusi ndani na kusema imeungua. Ni kweli imeungua, ila moto wake ulikuwa unawaka taratibu tangu siku ya kwanza.

Je, waya wa kiasi gani unatosha? Hapa ndipo mazoea yanapotuumiza. Mafundi wengi wa mitaani wana kanuni moja: taa ni waya wa 1.5, soketi ni wa 2.5, jiko la umeme ni wa 6. Namba hizo ni eneo la shaba kwa milimita za mraba ukikata waya na kuutazama usoni. Kwa nyumba ya kawaida ambayo hakuna waya unaovuka mita ishirini hivi, kanuni hiyo inafanya kazi na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi unaanza pale inapochukuliwa ile ile na kupelekwa kisimani mita themanini nyuma ya nyumba, kana kwamba umbali haumo katika hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mama wa nyumbani mwenye simu yenye kikokotoo anaweza kuifanya kabla fundi hajaenda dukani. Kila unene wa waya wa shaba una kiasi chake cha milivolti kinachopotea kwa kila ampia moja katika kila mita moja. Waya wa 1.5 unapoteza 29. Wa 2.5 unapoteza 18, wa 4 unapoteza 11, wa 6 unapoteza 7.3, wa 10 unapoteza 4.4, na wa 16 unapoteza 2.8. Namba hizi ni za waya wenye ganda la kawaida la plastiki, ukiwa umeshapata joto la kazi, na tayari zimehesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo usizidishe tena mara mbili. Unachukua namba ya waya, unazidisha kwa ampia za kifaa, unazidisha kwa urefu wa njia kwa mita, kisha unagawa kwa 1000. Jibu ni volti zinazopotea.

Zinazoruhusiwa kupotea ni ngapi? Kanuni za Uingereza zinazojulikana kama BS 7671, ambazo mafundi wengi wa kwetu walisomeshwa nazo, zinaweka kikomo cha asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vifaa vingine. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni volti 6.9 kwa taa na volti 11.5 kwa pampu. Mimi ningemshauri mwenye pampu asikae kwenye ukingo wa 11.5, na sababu yake tutaiona.

Tuchukue mfano. Familia ina pampu ya kilowati 1.1, ile ambayo madukani huitwa ya nguvu farasi moja na nusu, na kibati chake kinasema inavuta ampia 9. Kutoka kwenye meni swichi hadi mdomo wa kisima ni mita 80, na pampu imeteremshwa mita 40 chini. Njia nzima ni mita 120. Watu wengi husahau zile 40 za ndani ya kisima, na wengine hupima kwa hatua, moja kwa moja kutoka dirishani hadi kisimani, wakati waya hauruki kama ndege. Unapanda ukuta, unazunguka dari, unashuka, unakwepa karo. Pima njia ya waya, usipime njia ya macho.

Kwa waya wa 1.5, zidisha 29 kwa 9 kwa 120, gawa kwa 1000: volti 31.3 zimepotea. Pampu inabaki na volti 199 hivi, upungufu wa zaidi ya asilimia 13. Kwa waya wa 2.5, ambao ndio fundi atakuletea kama hukusema kitu, zinapotea volti 19.4, sawa na asilimia 8.5. Kwa wa 4 zinapotea 11.9, yaani umekosa kikomo kwa nywele tu. Kwa wa 6 zinapotea 7.9, ambayo ni asilimia 3.4. Basi jibu la nyumba hii ni waya wa 6, si wa 2.5.

Najua hapa mwenye nyumba ameshashika mfuko wake. Waya wa 6 una shaba zaidi ya mara mbili ya wa 2.5 na bei yake inajieleza. Kuna njia halali ya kupunguza. Si lazima safari nzima iwe ya unene mmoja. Tumia wa 6 kwa zile mita 80 za juu, na kebo ya kisimani ya 4 kwa mita 40 za chini. Juu zinapotea volti 5.3, chini zinapotea 4.0, jumla 9.3, sawa na asilimia 4. Umo ndani ya kikomo. Lakini usijaribu kuteremka zaidi, wa 4 juu na wa 2.5 chini, kwani hapo unapoteza 14.4 na umerudi kwenye matatizo.

Sasa tuseme kwa nini ukingo si mahali pa kukaa. Ampia 9 ni za pampu ikiwa imeshakolea kazi. Katika ile nukta ya kuanza, mota huvuta mara nne, tano, hata sita ya kiasi hicho, kwa sababu bado haijazunguka. Kwa nyumba yetu yenye waya wa 2.5, hata ukikadiria kwa upole wa mara nne, volti za kwenye mota wakati wa kuanza zinashuka hadi 170 hivi. Na nguvu ya mota ya kujizungusha inafuata mraba wa volti, kwa hiyo mota inaanza ikiwa na zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake. Ongeza hapo kwamba jioni, wakati kila nyumba mtaani imewasha taa, pasi na jokofu, mita yenyewe inaweza kuwa inasoma 210 badala ya 230. Nguvu ya kuanza inashuka chini ya nusu. Mota inanguruma bila kuzunguka, kapasita ya kuanzia kwenye boksi la juu inavimba, na baada ya majaribio machache kitu kimoja kati ya hivyo kinakufa. Ndiyo sababu utasikia mtu akisema pampu yake inakubali asubuhi na kugoma magharibi. Kabla ya kutafuta maelezo mengine, aulize waya.

Zipo pia hasara za kimya kimya. Volti 19.4 zilizopotea kwa ampia 9 ni wati 175 za joto zinazopasha udongo kila pampu inapofanya kazi. Kwa waya wa 6 ni wati 71. Tofauti ni wati 104. Pampu ikifanya kazi saa tatu kwa siku, kwa mwaka hizo ni uniti 114 hivi za Luku ambazo umezinunua na hukuzitumia. Kila mmoja azidishe kwa bei ya uniti anayolipa, kisha aone waya mwembamba ulikuwa rahisi kweli au la.

Umbali hauna uhasama na pampu tu. Jokofu la chumba cha uani lililounganishwa kwa waya mrefu wa 1.5 linapata tabu ile ile, kwa sababu nalo lina mota. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari anayehifadhi insulini, ambayo kabla ya kufunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, jokofu linalogoma kuanza usiku ni jambo la dawa kuharibika bila mtu kujua.

Lakini tusije tukadhani kila swali ni la umbali. Kuna mahali ambapo joto la waya ndilo linaloamua, na hesabu ya volti ikikaguliwa peke yake inadanganya. Chukua hita ya kuogea ya papo kwa papo ya kilowati 5.5. Inavuta ampia 24. Ikiwa umbali ni mita 25 tu, waya wa 2.5 unapoteza volti 10.8, na mtu atasema imepita, iko chini ya 11.5. Haikupita. Waya wa 2.5 ndani ya bomba la plastiki ukutani unabeba ampia 24 kama hewa inayouzunguka ni nyuzijoto 30. Ikifika 40, ambayo kwa Dar es Salaam au Tanga ndani ya dari si ajabu, uwezo wake unazidishwa kwa 0.87 na kubaki ampia 20.9. Sasa unaubebesha mzigo usiouweza. Wa 4, wenye uwezo wa 32, kwa joto hilo hubaki na 27.8 na unatosha. Chini ya bati lisilo na silingi, mchana wa Januari, joto linaweza kukaribia nyuzi 50, kizidisho kinakuwa 0.71, na hata wa 4 unabaki na 22.7, hautoshi tena, utahitaji wa 6. Kwa hiyo fundi afanye hesabu mbili: je, waya unabeba mzigo bila kuiva, na je, volti zinafika. Kisha achukue waya mnene kati ya majibu mawili. Safari fupi yenye mzigo mzito mara nyingi huamuliwa na joto. Safari ndefu huamuliwa na volti.

Tuje kwenye jambo zito zaidi kuliko pampu kuungua, nalo ni uhai wa mtu.

Sakiti breka hukata umeme upesi pale tu inapopita ampia nyingi ghafla. Breka ya 16 ya aina C, ile inayopendwa kwa mota kwa sababu inavumilia mshituko wa kuanza, inaweza kuhitaji hadi ampia 160 ili ikate papo hapo. Sasa fikiria waya wa 1.5 wenye mita 120, panya au jembe limeukata ganda, na nyaya mbili zimegusana mwishoni. Ukinzani wa safari hiyo peke yake ni omu 3.5 hivi. Gawanya 230 kwa 3.5 unapata ampia 66. Ni nyingi za kutosha kuupika waya, ni chache mno kuishitua breka ikate papo hapo. Kwa sekunde kadhaa, na ikiwa breka ni kubwa zaidi kwa muda mrefu zaidi, waya unaendelea kuwa kama kipande cha hita kilichozikwa au, vibaya zaidi, kilichopita juu ya dari ya mbao. Mtu akiona breka inakata mara kwa mara akaibadilisha na kubwa zaidi bila kubadilisha waya, ameondoa mlinzi mlangoni. Breka inalinda waya, haiongezi uwezo wa waya.

Umeme unapovuja kwenye mwili wa pampu au bomba la chuma hali ni mbaya zaidi. Nyumba nyingi zina waya wa ethi unaoishia kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini. Katika udongo mkavu wa kichanga, fimbo hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa makumi ya omu. Tuseme ni 50. Umeme utakaopita hapo ni ampia 4.6, na breka ya 16 haitashituka kabisa, si leo wala kesho. Wakati huo mtoto anafungua koki ya uani akiwa peku kwenye tope. Miliampia 30 tu, yaani sehemu ndogo sana ya ile ampia 4.6, zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Ngozi iliyolowa hairuhusu mjadala.

Dawa yake ni swichi ya kukata umeme unapovuja, yenye kipimo cha miliampia 30. Hii haisubiri ampia nyingi. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikizidi kipimo chake inakata katika sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara, ikigoma kukata ibadilishwe. Kwa pampu ya kisima, hita ya bafuni na soketi za uani, mimi siioni kama anasa. Na kununua swichi hiyo hakufuti haja ya waya mnene wala haja ya ethi nzuri. Kila kimoja kina kazi yake.

Kuhusu ununuzi, tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni kwamba roli linaloitwa la yadi 100 ni mita 91 na kidogo, si mita 100. Aliyepiga hesabu ya mita 100 atakuja kuunganisha kipande cha mita tisa, na kiungo ndani ya ardhi yenye unyevu ndicho mahali pa kwanza kuharibika. Ya pili ni ubora. Sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, na zipo zilizoandikwa 2.5 lakini shaba yake haifiki. Aluminiamu ina ukinzani wa mara 1.6 hivi ya shaba, kwa hiyo hesabu yote tuliyofanya inabomoka. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.78, na wa 1.5 una 1.38. Wa 6 wa nyuzi saba, kila uzi una milimita 1.04, na wa 4 ni 0.85. Fundi mwenye kipimo cha kubana anaweza kukagua hapo hapo dukani. Asiye na kipimo atumie mzani: mita 100 za waya mmoja wa 2.5 zina shaba ya kilo 2.2, bila kuhesabu plastiki. Roli likiwa jepesi kuliko hivyo pamoja na ganda lake, mrudishie mwenyewe. Tafuta alama ya TBS, na chukua risiti.

Waya wa ndani ya nyumba haukutengenezwa kutundikwa kwenye mwembe wala kulala juani. Jua huchoma ganda lake likawa linameguka kama biskuti. Kwa safari ya uani tumia kebo yenye mkanda wa chuma, au pitisha nyaya ndani ya bomba gumu la plastiki, zifukiwe nusu mita au zaidi, mbali na karo na shimo la choo, na juu yake uwekwe utepe wa onyo kabla ya kurudishia udongo. Kiungo cha ndani ya kisima kifanywe kwa vifaa maalumu visivyopitisha maji. Tepu nyeusi ya kawaida ndani ya maji ni mapambo.

Kwa wale ambao pampu imeshafungwa na wana wasiwasi, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA umwombe kipimo kimoja rahisi. Apime volti kwenye meni swichi pampu ikiwa inafanya kazi, kisha apime kwenye boksi la pampu kisimani, pampu ikiwa bado inafanya kazi. Kama kwenye meni ni 228 na kisimani ni 205, tatizo ni la waya wako, na kumpigia simu TANESCO ni kumsumbua bure. Kama kwenye meni kwenyewe ni 195, tatizo liko nje ya nyumba, na hapo ripoti yako ina namba za kuonyesha. Kama vipimo vyote viwili ni vizuri na pampu bado inachemka, basi ndipo mtazame mchanga, kina cha maji na ubora wa pampu. Kipimo kikichukuliwa pampu ikiwa imezimwa hakisemi chochote, kwa sababu waya usiobeba mzigo haupotezi volti. Wapo wanaodanganyika hapo kila siku.

Neno moja kuhusu ekstensheni ya kuviringisha, maana kwenye shughuli za arusi na maulidi hutumika sana kuvuta umeme hadi kwenye hema. Nyingi zina waya wa 1.5, nyingine hata wa 1. Ikitumika kwa jiko au birika kubwa huku nusu ya waya ukiwa bado umeviringwa kwenye kigurudumu, joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka kutoka ndani. Ifunguliwe yote, hata kama unahitaji mita tano.

Na mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, umsukume au umsogezee waya kwa mti mkavu au kipande cha plastiki. Akiwa hapumui, mlaze chali kwenye sehemu ngumu na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike au apumue. Hata aliyeinuka na kusema yuko salama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa moyo unaweza kuvurugika baadaye na kuungua kwa ndani hakuonekani kwenye ngozi.

Mwenye kujenga sasa, kabla ya kutoa fedha, amtake fundi aandike kwenye karatasi vitu vitano: ampia za kifaa, urefu wa njia kwa mita, unene wa waya, volti zitakazopotea na ukubwa wa breka. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la meni swichi. Miaka kumi ijayo atakuja fundi mwingine, kisima kitakuwa kimeongezwa kina na pampu itakuwa kubwa zaidi, na hatalazimika kubahatisha ni waya gani uliozikwa chini ya ua.